Kimya si ugonjwa, lakini peke yake hakikupi kazi

Kama uko mtu wa kunyamaza na unatafuta kazi, hakika umeshapewa shauri hili: jitangaze. Tengeneza jina lako sawa vile kampuni inatengeneza jina la bia. Wazo hilo halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1997, Tom Peters aliliandika katika gazeti la Marekani, Fast Company: kila mtu ni mkuu wa kampuni inayoitwa Mimi. Miaka 15 baadaye, Susan Cain, mwanasheria aliyeacha kazi yake ya Wall Street, akatoa kitabu cha kutetea watu wakimya, Quiet. Sisi wa Kifaransa tunakijua kwa jina La force des discrets, na njo kitabu ambacho wakimya wengi wa promosyo yetu wanapitishiana katika simu.

Nimekisoma mpaka mwisho. Ninakipenda, lakini kuko mambo mawili ambayo sikubaliani nayo.

Nianze na uzuri wake. Cain anafuata mwanahistoria Warren Susman na kuonyesha kwamba zamani Wamarekani walimpima mtu kwa tabia yake: mkweli, mchapakazi, mwenye kulipa deni. Karne ya 20 ilipoanza, watu wakaacha vijiji, wakaingia miji mikubwa, wakalazimika kujiuza kwa watu wasiowajua. Hapo njo wakaanza kupimwa kwa mvuto. Dale Carnegie, mtoto wa mkulima wa Missouri, akawa mwalimu wa kuongea mbele ya watu, na kitabu chake cha 1936 kikaenea dunia nzima.

Ukisoma sura hiyo ukiwa Bukavu, unaelewa methali yetu ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Ni ukweli wa kijijini. Kule Walungu, mkulima mzuri haitaji kusema kitu, juu majirani wanapita kando ya shamba lake kila siku na wanaona muhogo. Lakini mtu anayesoma CV yako mjini hajawahi kupita kando ya shamba lako. Hajui kama iko. Kizuri hakiwezi kujiuza kama mnunuzi hapiti pale kilipo.

Uzuri wa pili ni habari ya profesa Brian Little. Ni mkimya kabisa, lakini akifundisha, wanafunzi wanacheka na kusimama kumpigia makofi. Alipoenda kufundisha katika chuo cha kijeshi cha Saint-Jean, kule Quebec, alikuwa anajificha chooni kisha ya somo ili apumzike na maongezi. Fundisho lake: mkimya anaweza kuvaa sauti kubwa kwa muda, kwa ajili ya kazi anayoipenda kweli, basi atafute pahali pa kupumzika. Hilo linasaidia mtu.

Sasa tubishane. Jambo la kwanza: huyo mkimya ni nani? Cain anaegemea sana utafiti wa Jerome Kagan wa Harvard, aliyefuata watoto tangu uchanga na kuona kwamba wale wanaoshtuka sana mara nyingi wanakuwa watoto waangalifu na wakimya. Kwa hiyo kimya kiko mwilini. Sawa. Lakini kwetu kuko kimya cha namna tatu: cha kuzaliwa, cha heshima, na cha woga. Kijana haongei mbele ya bashamuka. Dada zetu wamefundishwa tangu utotoni kwamba msichana wa maneno mengi hana adabu. Na kuko wale ambao wameona kwamba kusema kunaleta matatizo, basi wamefunga mdomo.

Mwenye kusoma kilimo ataelewa upesi. Jani likigeuka manjano, inaweza kuwa nitrojeni imepungua, maji yamezidi, ao ugonjwa umeingia. Ukimwaga mbolea kwa kila jani la manjano, unapoteza franga. Dada aliyenyamazishwa, ukimwambia "wewe ni introverti, hiyo ni nguvu yako", umembariki na kamba iliyomfunga. Cain analigusa jambo la malezi katika sura ya wanafunzi wenye asili ya Asia huko Cupertino, California, lakini analiacha kwa sura moja. Kwetu lingekuwa nusu ya kitabu.

Jambo la pili: sana sana anaongea na watu walioshaingia. Ofisi zisizo na kuta, mikutano ya kutafuta mawazo, darasa za Harvard. Swali lao ni namna gani waachiwe utulivu ndani ya kazi. Swali letu ni namna gani ya kuingia.

Na hapo njo wafundishaji wetu wanachanganya Peters na Cain katika sufuria moja: "Kama huwezi kuongea, posti kila siku." Katika formasyo moja niliyofuata, tuliambiwa tupige picha na koti, ata la kuazima, na tuandike kwamba sisi ni ekspere wa maendeleo vijijini. Wengi hatukuwa ata na mwaka moja kisha ya lisansi. Hiyo ni kuandika "mbegu bora" juu ya mfuko uliojaa maharagwe ya sokoni. Mkulima atapanda mara moja, ataona vile inaota, hatarudi tena.

Mimi ninashauri mkimya aonyeshe shamba, si uso. Mfano: mnyauko wa migomba. Kuko njia ya kukata shina moja lenye ugonjwa, chini kabisa, bila kung'oa kitita kizima, na kusafisha panga kwa moto ao kwa jik kila mara. Fuata jambo hilo kwa mkulima moja miezi kadhaa. Andika ukurasa moja: vitita vingapi, tarehe gani, mashina mangapi yamerudi kuugua, na pahali njia ilishindwa. Tuma kwa watu watatu wanaofanya kazi ya migomba. Haikuombi kusimama mbele ya watu 200, na hakuna mwenye koti la kuazima atakayeweza kuigiza.

Ila ficha jina la mkulima na pahali halisi pa shamba lake. Kwetu Kivu, kujulikana si kila mara faida, na mwenye kulipa bei anaweza kuwa yeye.

Kwa hiyo kitabu kisomwe, sura ya Little mbele ya zingine. Lakini kabla ya kujiita introverti, jiulize kimya chako ni cha namna gani. Kama ni cha kuzaliwa, kaa nacho kwa amani na uandike ukurasa wako. Kama ni cha kufundishwa, usikiite zawadi. Anza kukitoa kidogo kidogo, katika mkutano wa watu wachache wanaokuheshimu.