Kiambishi, Muundo na Nahau katika "Kidagaa Kimemwozea"

Ni desturi ya madarasa mengi ya sekondari nchini Kenya kufundisha mofolojia, muundo wa hadithi na tamathali za usemi kana kwamba ni masomo matatu yasiyojuana. Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), yaupinga utaratibu huo kwa jina lake tu. Neno kimemwozea lina mzizi -oz-. Kiambishi -e- cha kauli ya kutendea chaonyesha kwamba yupo mtu anayepatwa na uozo huo, nacho -mw- chamrejelea pasipo kumtambulisha. Ni nani basi? Nahau peke yake, yaani mambo kumharibikia mtu, haijibu. Jibu limo katika muundo: Mtemi Nasaba Bora amejitwalia ardhi ya wengine, na nduguye Majisifu ameiba mswada wa kijana Amani, wenye jina hilohilo la riwaya. Hivyo -mw- chawaelekea wote wawili.

Kasoro ipo. Majina kama Nasaba Bora na Majisifu humhukumu mhusika kabla hajatenda, na msomaji hunyimwa kazi ya kumpima.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa Kachibora, katika eneo la Cherangany alikokulia Walibora, ambako mashamba ya walowezi yalipata wenyewe wapya baada ya Uhuru wa 1963, suala la mwenye ardhi si tamathali tupu. Yafaa basi kiambishi, msuko na nahau vichambuliwe katika kipindi kimoja, mwanafunzi akiulizwa kwanza huyo -mw- ni nani.