Kasoro ya Neno "Shelfu"

Katika makala zinazofundisha upangaji wa nyumba, neno "shelfu" limefanywa mtumishi wa kazi zote: ubao wa ukutani, uwazi wa ukutani, hata vijiti vya kukaushia vyombo. Hatulilaumu kwa ugeni wake. Kabati nalo ni geni, wala halina mshtaki. Kasoro ni kufuta tofauti. Ubao ni rafu. Uwazi ulioachwa ndani ya ukuta ni kidaka. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, vidaka (Waamu husema zidaka) vya chokaa iliyonakshiwa hupangwa safu juu ya safu katika chumba cha ndani, na humo viliwekwa vyombo vya kaure. Mahali pa kuwekea pakawa ndipo pambo. Kichanja husimama kwa miti, susu huning'inia kwa kamba. Mpangaji wa chumba kimoja, aliyekatazwa kutoboa ukuta, akiambiwa "weka shelfu" hajafaidika na lolote. Akiambiwa "tundika susu kwenye boriti", amekwisha kupata pa kuweka sufuria zake. Tunapendekeza waandishi hao wayarejee maneno haya manne, na "rafu" nayo isivuke mpaka wa ubao.