Miguu ya Pendlebury

Mwanariadha akiaga uwanja na kuingia kwenye akiolojia, watu husema ameanza upya. Mimi siamini hivyo, na shahidi wangu ni John Pendlebury.

Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka 1904, alipoteza jicho moja utotoni akawekewa la kioo. Hata hivyo aliruka juu akikiwakilisha Chuo Kikuu cha Cambridge, katika mchezo ambao kukadiria umbali wa upau ni kazi hata kwa mwenye macho mawili. Kisha akaenda Ugiriki kusomea mambo ya kale. Mwaka 1930, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, alikabidhiwa usimamizi wa magofu ya Knossos kisiwani Krete, na huku akaongoza uchimbaji wa Tell el-Amarna, mji wa Farao Akhenaten huko Misri.

Alikuwa mtembeaji wa ajabu. Krete aliizunguka kwa miguu, bonde kwa bonde, akiandika kila alipokuta vigae vya vyungu vimezagaa. Kitabu chake cha mwaka 1939, The Archaeology of Crete, kimetokana na nyayo hizo. Alipoanza kuchimba Karphi mwaka 1937, eneo lenyewe lilikuwa mlimani, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari.

Lakini ugwiji wa kazi hii uko mkononi. Mchimbaji hupiga magoti akakwangua udongo kwa ukingo wa mwiko, taratibu, huku ametega sikio, maana sakafu iliyoshindiliwa na nyayo za watu haitoi mlio sawa na udongo uliojaa shimoni baadaye. Rangi ikigeuka kidogo tu, kahawia ikaingia ujivujivu, anasimama. Huenda hapo palikuwa na jiko, au nguzo iliyooza ikaacha alama ya duara. Anapima kina, anachora, anaandika lebo, ndipo anaendelea. Ujuzi huo huingia mwilini kwa kurudiarudia, na mrukaji anaufahamu: hatua za mwisho kabla ya upau hurudiwa mpaka mguu ujue wenyewe pa kukanyaga.

Ila mrukaji akiangusha upau, utarudishwa naye atajaribu tena. Tabaka la udongo huchimbwa mara moja tu; ukishaliondoa, kinachobaki ni kile ulichoandika. Kwa sababu hiyo, katika kazi zake zote naistahi zaidi ile isiyo na mashabiki. Yeye na mkewe Hilda, naye mwanaakiolojia, pamoja na wenzao, walikaa Knossos wakipanga vigae vya uchimbaji wa Arthur Evans, aliyewatangulia kuchimba hapo, sanduku baada ya sanduku, ili ijulikane kila fungu lilitoka chumba gani.

Mei 1941 Wajerumani waliivamia Krete. Pendlebury alijeruhiwa katika mapigano, kisha akapigwa risasi, akiwa na miaka 36. Matokeo ya Amarna yalikuwa hayajachapishwa yote. Wenzake walikusanya kumbukumbu na michoro, na mwaka 1951 ikatoka juzuu kubwa yenye jina lake kuhusu sehemu ya katikati ya mji: ikulu, mahekalu, na ofisi ya barua za Farao, ambayo matofali yake yalipigwa mhuri wenye jina la ofisi hiyo.