Ufundi wa Kukadiria Wimbi

Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalikuwa yakirusha roketi mawinguni. Roketi hizo zilibeba baruti, na nia ilikuwa kuzuia mvua ya mawe isishukie majani. Sisi tunaoishi kati ya Litein na Sotik hatuhitaji kuelezwa sababu. Alasiri mawingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, yakakutana na upepo wa mashariki juu ya vilima vyetu, na kabla ya malori ya kiwanda cha Kapkatet kumaliza kuzunguka vituo vya kununulia chai, shamba lililokuwa limejaa majani mawili na chipukizi linaweza kubaki vijiti vitupu. H. W. Sansom, mtaalamu wa hali ya hewa, aliandika kuhusu roketi hizo mwaka 1966 katika jarida la Weather la Uingereza. Dhana moja iliyojadiliwa enzi hizo ilikuwa kwamba mlipuko hutuma wimbi la mshtuko hewani, na wimbi hilo hulidhoofisha jiwe la barafu hata likapasuka au likalainika kabla ya kufika chini.

Dhana hiyo imesimama juu ya swali ambalo wanahisabati wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 150. Wimbi lenye nguvu likishatoka kwenye chanzo chake, hatima yake ni ipi? Litajilisha lenyewe mpaka livunjike, au litatawanyika na kudumu likiwa dogo na tulivu? Nimeandika insha hii kuwasifu wanaolijibu swali hilo bila kulifuata wimbi hatua kwa hatua. Ufundi wao ni kukadiria.

Mwaka 1747 Jean le Rond d'Alembert aliandika mlinganyo wa uzi unaotetemeka. Katika mlinganyo huo mawimbi mawili yakikutana hupishana, kila moja likaendelea na safari yake bila kovu. Ukilikuza wimbi la mwanzo maradufu, kila kitu kinachofuata nacho hukua maradufu, wala hakuna jipya la kuogopa. Milinganyo ya namna hii huitwa ya mstari. Hewa, hata hivyo, haina utii huo. Hewa iliyobanwa hupata joto, na katika hewa yenye joto sauti husafiri upesi zaidi, kwa hiyo kilele cha wimbi hukimbia kuliko bonde lake. Mwaka 1860 Bernhard Riemann alionyesha mwisho wa mbio hizo ndani ya bomba: kilele hukifikia kilichokuwa mbele yake, mteremko wa wimbi husimama wima, na mlinganyo hauna tena jibu laini la kutoa. Hapo husemwa kwamba jibu limelipuka. Halihitaji kutoa kishindo. Kinachotakiwa ni kiasi fulani, kama vile ukali wa mteremko, kupita kila namba kabla ya saa fulani inayojulikana.

Jambo hili lina mfano unaotosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Chukua kiasi kinachoanzia 1. Kanuni ya kwanza iwe hii: kasi ya kukua ni sawa na kiasi chenyewe. Kutoka 1 hadi 2 kitachukua muda wa saa 0.69. Kutoka 2 hadi 4, saa 0.69 tena. Kutoka 4 hadi 8, vilevile. Kitakuwa kikubwa kupindukia, lakini taja saa yoyote na nitakupa thamani yake. Sasa badilisha kanuni: kasi ya kukua iwe mraba wa kiasi chenyewe. Kutoka 1 hadi 2 kitachukua nusu saa. Kutoka 2 hadi 4, robo saa. Kutoka 4 hadi 8, thumni ya saa. Jumlisha nusu, robo, thumni na vyote vinavyofuata hadi utakapochoka: jumla haizidi saa moja. Saa hiyo inapogonga, hakuna namba inayoweza kukitaja kiasi hicho. Huu ni kama mkopo ambao riba yake hupandishwa kila deni linapokua: siku ya kufilisika imeandikwa tangu siku ya kukopa.

Tazama alichofanya mkadiriaji hapo. Hakuwa na haja ya fomula ya kiasi hicho. Alihesabu muda wa kila hatua, akajumlisha, akauliza kama jumla ina kikomo. Kazi nzima ya fani hii, hata inapojaza vitabu, imejengwa juu ya mwendo huo.

Ugumu huanza wimbi linapopewa nafasi. Ndani ya bomba halina pa kutawanyikia, ndiyo maana wimbi la Riemann, hata likianza dogo, huvunjika lisipopunguzwa na msuguano. Juu ya uso wa bahari lina pande mbili za kutanukia. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilivuka bahari yote ya Hindi kutoka Sumatra, ikaua watu Somalia na Tanzania, na Kenya ikampoteza mtu mmoja. Huko kwenye kina cha kilomita kadhaa wimbi hilo lilikuwa halifiki kimo cha mtu, na kwa kulinganisha na kina chake lilikuwa dogo mno kujidhuru. Lilidumu. Kuvunjika kulingoja maji ya kina kifupi ya ufukweni. Angani wimbi lina pande tatu, na hapo umbali ukiongezeka maradufu kimo chake hupungua kwa nusu. Radi inayopiga juu ya Kapkatet huipasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi, na ngurumo huzaliwa ikiwa wimbi la mshtuko. Lakini haiendi mbali kabla ya kuwa sauti ya kawaida inayobingirika vilimani na kufa.

Kwa hiyo kuna washindani wawili ndani ya wimbi moja: kujilisha na kutawanyika. Nani atashinda? Tuseme wimbi linaanza likiwa na udogo wa moja ya kumi, na kinacholilisha ni mraba wa kasi yake. Kwa kuwa linafifia kadiri muda unavyopita, lishe ya kila sekunde hupungua pia, kama moja chini ya mbili, moja chini ya tatu, moja chini ya nne. Kila mwanafunzi aliyewahi kuijumlisha safu hii anaijua tabia yake: haikomi kukua, ila hukua kwa uvivu usio na kifani. Wimbi litalipuka, lakini lini? Tukiuhesabu muda kwa sekunde na kuziacha kando namba nyingine zote, wimbi la moja ya kumi litadumu saa sita hivi. Lipunguze liwe moja ya ishirini, na litadumu miaka 15. Lifanye moja ya thelathini, na umri wake utapita miaka 338,000. Mwaka 1984 Fritz John na Sergiu Klainerman walithibitisha kwamba mawimbi madogo ya aina hii huishi angalau kwa muda wa namna hiyo.

John anastahili kusimuliwa kidogo. Alizaliwa Berlin mwaka 1910, akaikimbia Ujerumani ya Hitler, akafanya kazi yake kubwa jijini New York. Mwaka 1979, akiwa na umri ambao wengi wameshastaafu, alichapisha jambo la kushangaza. Alichukua wimbi la pande tatu linalolishwa na kipeo cha kimo chake lenyewe, akauliza ni kipeo gani kinachotenganisha uhai na kifo. Jibu likawa 1 kuongeza kipeuo cha pili cha 2, yaani 2.414 hivi. Juu ya mpaka huo mawimbi madogo hudumu milele. Chini yake hata wimbi dogo kiasi gani linaweza kulipuka. Hakuna kompyuta iliyoigundua namba hiyo kwa kujaribu. Ilitoka katika makadirio yaliyobanwa kutoka juu na kutoka chini mpaka pasibaki nafasi ya kupitisha karatasi.

Logarithimu inayotawala safu ile ya kivivu ndiyo inayotawala pia roketi za Kericho. Lev Landau alionyesha mwaka 1945 kwamba mbali na mlipuko wimbi la mshtuko hufifia upesi kidogo kuliko sauti ya kawaida, na hicho kidogo kinapimwa kwa kipeuo cha pili cha logarithimu ya umbali. Jiwe la barafu lililo karibu kabisa na baruti linaweza kuonja mshtuko. Lililo mbali husikia mlio tu.

Ukubwa wa lishe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni alama yake. Kawi ya wimbi ni jumla ya vipande vitatu: cha mwendo, cha mteremko na cha wimbi kujigusa lenyewe. Jumla hiyo haibadiliki. Kama vipande vyote ni chanya, hakuna kinachoweza kuizidi jumla, na wimbi limefungiwa ndani ya mipaka yake. Kwa hoja iliyojengwa juu ya msingi huo Konrad Jörgens alithibitisha mwaka 1961 kwamba mawimbi ya aina fulani hudumu hata yakianza makubwa. Sasa geuza alama moja, kuongeza kuwe kutoa. Kipande kimoja kinaweza kupanda bila kikomo huku kingine kikizama chini ya sufuri kwa kiasi kilekile, na jumla isitikisike hata chembe. Daftari ni safi, wimbi limekufa. Mkadiriaji mzuri huiogopa jumla iliyosawazishwa na vitu viwili vikubwa vinavyopingana.

Kuna pia lishe inayojifuta. Louis Nirenberg alitoa mfano wa wimbi linalolishwa na mraba wa kasi ukitoa mraba wa mteremko. Wimbi linaposafiri kuelekea upande mmoja, viwili hivyo huwa sawa, na tofauti yao ni sufuri. Mfano huo una siri nyingine. Liite wimbi u, kisha utazame namba e ikiwa na kipeo cha u hasi. Kitu hicho kipya kinatii mlinganyo wa d'Alembert wa 1747, usio na lishe yoyote! Kikianza karibu na 1 hubaki karibu na 1, na u lipo salama. Kikianza mbali na 1 kinaweza siku moja kushuka hadi sufuri, na papo hapo u hulipuka. Mwaka 1986 Klainerman na Demetrios Christodoulou, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba lishe yote yenye tabia hii ya kujifuta huyaacha mawimbi madogo yaishi milele. Mwaka 1993 wawili hao walitoa pamoja kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kuthibitisha kwamba anga tupu ya Einstein, ikitikiswa kidogo, hurudi kwenye utulivu wake. Mitikisiko ya namna hiyo ndiyo mawimbi ya uvutano; yale yaliyonaswa Marekani mwezi Septemba 2015 yalikuwa yamesafiri zaidi ya miaka bilioni moja, na yalifika yakiwa bado yanasomeka.

Ninachokisifu katika watu hawa ni adabu ya kazi. Fundi huyu hajisingizii kujua asichokijua. Haambii mtu wimbi liko wapi saa tisa na dakika kumi. Anasema halitazidi hapa, wala halitafika pale kabla ya muda ule, na anakuwa na uhakika kamili wa neno lake. Anajua kipi cha kutupa na kipi cha kushikilia. Akitupa kingi, makadirio yanalegea na hayasemi kitu. Akishikilia vyote, anazama katika mahesabu yasiyo na mwisho. Kila alama ya "si zaidi ya" katika ukurasa wake ni uamuzi, na uamuzi mmoja mbovu huiangusha hoja nzima.

Fani hii ina watu kwetu pia. Wandera Ogana wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika kuhusu hewa inayopita kwa kasi iliyo karibu na ya sauti, mahali ambapo mawimbi ya mshtuko huzaliwa juu ya bawa la ndege. Verdiana Masanja, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, alijikita katika mwendo wa vimiminika, uwanja ambao swali lake kuu la kulipuka au kudumu bado halijajibiwa hata baada ya Taasisi ya Hisabati ya Clay kulitengea zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2000.

Wanafunzi wetu wengi hata hivyo hukutana na milinganyo kama rundo la mbinu za kutatua: tafuta fomula, weka namba, pigia mstari jibu. Milinganyo mingi ya maumbile haina fomula, na anayejua kutatua tu hubaki mikono mitupu mbele yake. Ombi langu ni kwa walimu wa hisabati, kuanzia shule za huku Bureti na Bomet hadi Chuo Kikuu cha Kabianga. Kabla ya kumfundisha mwanafunzi kutatua, mpeni kile kiasi kinachoanzia 1 na kanuni zake mbili, na mwacheni ajumlishe nusu, robo na thumni kwa mkono wake. Kisha muulizeni si zaidi ya ngapi. Somo hilo halihitaji maabara wala bajeti, na atakayelielewa ameshaanza kazi ya John na Klainerman.