Kusoma Mbegu za Dhamma Getanuwas

Kitabu hiki nilikisoma kwenye simu, nimekaa kwenye kigoda mlangoni kwa mjomba, Getanuwas, wilaya ya Hanang. Mtandao kule unaupata ukipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, lakini kitabu nilikuwa nimeshakipakua nikiwa Babati, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Kinaitwa Planting Dhamma Seeds, yaani Kupanda Mbegu za Dhamma, cha Bhante Buddharakkhita, mtawa wa Kibuddha kutoka Uganda. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kilitoka 2006. Nimechelewa sana kukihakiki, najua. Ila sikukifungua kwa ajili ya uhakiki. Nilikifungua kwa sababu nilikuwa silali.

Usingizi uliniacha Desemba 2023. Tarehe 3 ya mwezi ule, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh, Gendabi na vitongoji vya jirani. Waliokufa walizidi 80. Mimi nilikuwa mmoja wa waandishi tuliokuwa tukituma idadi. Asubuhi idadi, mchana idadi, usiku idadi tena. Mhariri hakutaka kingine, na kusema kweli hata mimi sikutaka kingine, maana idadi haina uso. Nyuso zilikuja baadaye, nikiwa nimelala chali gizani. Mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam, ambaye huenda kwenye hekalu la Wabuddha lile la Upanga kujifunza kukaa kimya, ndiye aliyenitumia kitabu. Ujumbe wake ulikuwa neno moja: "Jaribu."

Tahajudi si neno geni kwa watu wa rika langu. Nilikutana nalo sekondari, kwenye gazeti la Jitambue la marehemu Munga Tehenan, ambalo kwetu bwenini lilizunguka kitanda kwa kitanda mpaka likachanika. Sisi tuliichukua tahajudi kama dawa ya kufaulu mtihani. Basi nilitegemea Buddharakkhita naye aje na ahadi zake: utajiri, afya, mchumba. Hana. Anachosema ni kwamba kuna mateso, kuna chanzo chake, na kuna namna ya kukaa nayo mpaka uone yanavyokuja na kuondoka.

Maisha yake yenyewe ni hadithi tosha. Alilelewa Mkatoliki nchini Uganda. Mwaka 1990 akaenda kusoma India, akakutana na watawa wa Kithai, na hapo ndipo safari ikaanza. Alipewa utawa mwaka 2002 huko California, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda, upande wa Entebbe. Sehemu ninazozipenda ni zile za kurudi nyumbani: mtu mweusi, kichwa kimenyolewa, vazi la rangi ya udongo, bakuli mkononi, anatembea kati ya watu ambao hawajawahi kuona kitu kama hicho. Anajicheka mwenyewe, na mtu anayejicheka mwenyewe namwamini kuliko anayenionea huruma.

Kama maandishi, kitabu hakiko sawa. Kuna kurasa zinazosomeka kama mawaidha ya jioni yaliyonakiliwa bila kupunguzwa, na jambo lililokwisha kueleweka linarudiwa tena. Kama unatafuta msanii wa lugha, pita. Lakini anapoelekeza namna ya kukaa, lugha yake inanyooka. Kaa. Iangalie pumzi inavyoingia na kutoka puani. Akili ikikimbia, irudishe, usiigombeze. Nikawa naifanya hiyo alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Siku ya kwanza nilidumu muda wa chai kupoa. Akili ilikimbilia Katesh, nikairudisha. Ikakimbia tena, nikairudisha, kama yule mtoto wa mjomba anavyowarudisha ndama siku nzima bila kuchoka wala kuwachukia. Siku ya tano nililala mpaka jogoo akaniamsha. Naliandika hili wazi ili msomaji ajue kwamba ninayoyalalamikia hapa chini ninayalalamikia nikiwa na deni.

Malalamiko yangu yanaanzia kwenye jina la kitabu. Mbegu.

Mtu wa Hanang ukimwambia mgeni amekuja kupanda, atakuuliza kwanza: kwenye shamba la nani? Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, shirika la NAFCO lilichukua makumi ya maelfu ya ekari kwenye uwanda wa Basotu ili kulima ngano. Ilisemekana ni ardhi iliyokuwa haitumiki. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake kulikuwa na makaburi. Kijiji cha Mulbadaw kilienda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi huo. Matrekta yalipita juu ya bung'eda.

Bung'eda ni kichuguu cha kaburi. Si kila mtu hujengewa. Hujengewa mzee aliyeheshimika, na msiba wake huchukua miezi tisa. Watu huja, pombe ya asali hutengenezwa, udongo huongezwa, kaburi linapanda kidogo kidogo mpaka linaonekana kwa mbali. Kwa hiyo hapa pana watu waliokuwa na elimu yao ya kukaa na kifo, tena kwa miezi tisa, muda wa mimba nzima, kabla yeyote hajawaletea kitabu. Na Wabuddha nao wana tafakuri ya kifo, ambayo mtawa huutazama mwili ukiharibika hatua kwa hatua, hatua tisa, mpaka mifupa iwe vumbi. Ningetoa chochote kumwona Buddharakkhita akiyaweka mambo haya mawili mezani. Hakuwajua Wabarabaig, sawa, simdai hilo. Lakini kwao Uganda nako watu huzika, hulala matanga, huwa na namna zao za kunyamaza. Ninachokosa ni yeye kuuliza ardhi anayopanda ilikuwa imeota nini. Simfananishi na trekta, jamani. Huyu ni mwana wa nyumbani aliyerudi kwao, na hakumng'oa mtu. Ila tamathali ya mbegu huja na tamathali ya ardhi tupu, hata kama mwandishi hakukusudia.

Jioni moja nilimsimulia mjomba kisa ambacho kila Mbuddha anakijua, cha Kisa Gotami. Mama amefiwa na mwanawe, amembeba maiti mlango kwa mlango akiomba dawa. Buddha akamwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Akazunguka kijiji kizima. Haradali kila nyumba wanayo. Nyumba isiyofiwa hakuna. Akaelewa, akamzika mtoto, akawa mtawa.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu, anachokonoa ardhi kwa fimbo.

"Hizo nyumba zote alizopita," akasema, "hakuna hata moja waliomwambia mama yule akae?"

Nikasema kisa hakielezi.

"Basi huyo mwalimu wako mjanja, lakini kijiji hicho kibaya."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nimekirudia kisa kile mara nyingi tangu siku ile na sijapata jibu la kumpa. Ungeweza kumtetea Buddha, kwamba ndio maana alianzisha jumuiya ya watawa, ili mtu asikae peke yake. Ungeweza pia kusema kwamba mama aliambiwa apite kila nyumba makusudi, ili asikie misiba ya wenzake. Lakini swali la mjomba linagusa kitu ambacho vitabu vya tahajudi, hiki kikiwemo, hukipita haraka: vinamfundisha aliyefiwa namna ya kukaa, na havimwambii jirani neno.

Halafu akaniuliza habari za Katesh. Nikamtajia idadi. Akasema idadi aliisikia redioni, yeye anauliza akina nani. Nikafungua daftari langu la Desemba. Kurasa zilikuwa na tarakimu, saa, vyeo vya viongozi waliofika, idadi ya majeruhi. Majina ya waliokufa yalikuwa mawili, na moja nilikuwa nimelikata kwa sababu habari ilizidi urefu.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ulikuwa pale kweli?"

Kwa hiyo ukiniuliza kama kitabu kinafaa, kinafaa. Kisome polepole, ruka mawaidha, usiruke maelekezo ya pumzi wala visa vya kurudi nyumbani. Pumzi naendelea nayo kila alfajiri. Wiki iliyopita nilipanda basi kurudi Katesh na daftari jipya, nikaanzia Gendabi, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza walinipa kigoda kabla sijajitambulisha. Mpaka naandika haya nina majina kumi na moja, na mahali kila mmoja alipozikwa.