Saa 4,000: Nani Analipia Bando?



Siku hizi hapa Minneapolis na Saint Paul kila ninayekutana naye, Mtanzania au Mkenya wa Brooklyn Park, ama ana chaneli ya YouTube ama yuko mbioni kuifungua. Sina ugomvi na hilo. Mtu anapiga shifti mbili kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akitafuta dola za ziada nani atamlaumu? Ugomvi wangu ni na video zenyewe.

Tuanze na masharti. Tangu Februari 2018, YouTube hawakupi mgao wa matangazo mpaka uwe na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 walilegeza kidogo, watu 500 na saa 3,000, lakini mlango huo ni wa kuchangiwa na watazamaji, matangazo bado. Kuna pia njia ya video fupi, kutazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Hiyo tuwaachie akina Diamond.

Piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama watu wanaiacha video yako dakika ya nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Hapo ndipo uchakachuaji unapoanza.

Jamaa anaahidi kutuambia bei za nyumba Saint Paul. Dakika tatu ni salamu, "jiandikishe, gonga kengele", kisha tunaendeshwa kwenye barabara kuu ya 94 tukitazama theluji kupitia kioo cha gari. Bei yenyewe inakuja dakika ya 12, tena kwa sentensi moja! Wengine wana magrupu ya WhatsApp ya "nitazamie nikutazamie", simu inacheza video usiku kucha mwenyewe kalala. YouTube wakizigundua saa za namna hiyo wanazifuta, na mimi siwaonei huruma.

Wapenzi wa sinema za Bongo mnaujua ugonjwa huu. Enzi za marehemu Steven Kanumba filamu moja ilikatwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2, kila moja na DVD yake. Ili zijae, ilibidi tumwone mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anapanda ngazi. Tulinung'unika, tukanunua. Ila mnunuzi wa DVD alijua bei kabla hajatoa hela. Mtazamaji wa leo aliyeko Mbeya au Kisumu analipa kwa bando, na kila dakika ya salamu inalitafuna. Kwa maneno mengine, mtu wa kipato kidogo kule nyumbani ndiye anayemnunulia saa mtu wa Minnesota.

Na baada ya hapo? Wenye matangazo hulipa zaidi kwa mtazamaji aliyeko Marekani kuliko aliyeko Tanzania. Kwenye kujaza zile 4,000, saa ya Mbeya ni sawa na saa ya Minneapolis. Kwenye malipo si sawa hata kidogo. Ndiyo maana nimeona chaneli zilizojazwa saa na Waswahili, halafu mlango ulipofunguka zikahamia Kiingereza. Waliozibeba wakaachwa kituoni.

Zipo zinazostahili saa zake. Ibada ya kumuaga marehemu ikirushwa moja kwa moja kutoka huku, ndugu 200 wakikaa nayo saa mbili, tayari ni saa 400, na hakuna aliyevutwa kwa hila. Sijui kama ni vizuri matangazo yapite katikati ya msiba, lakini hilo tulijadili siku nyingine.

Na kuna dada mmoja anaeleza kwa Kiswahili namna ya kuendesha gari kwenye barafu. Dakika 9 tu. Sekunde ya kumi keshafika kwenye matairi, na hakuna mahali anapotuambia tusubiri hadi mwisho. Nimeitazama mara mbili, mke wangu naye kaitazama kabla ya kwenda kazini alfajiri. Waliojiandikisha kwake hawajafika hata 1,000.