Ambu Iliyochukuliwa Mkononi mwa Muuguzi

Waliosimama ukutani siku ile ya zoezi la leba, pamoja na walioitazama video baadaye, wataikumbuka sekunde ya arobaini. Mtoto wa bandia ameshakaushwa, ameshasuguliwa mgongo, na bado halii. Muuguzi ameshika ambu, kifuko cha kumpulizia mtoto hewa. Anaona barakoa iliyofungwa ni namba 1, ilhali mama wa zoezi ametangazwa kuwa na mimba ya wiki 32. Anageuka kutafuta namba 0. Hapo mkufunzi mkuu, daktari bingwa aliyealikwa kutoka nje ya kaunti, akasema, “Simama hapo, Sister.” Akamchukulia ambu mkononi, akaibandika barakoa ileile usoni mwa mwanasesere, akabana mara tatu, kifua kikapanda. Kisha akawageukia wanafunzi, akaanza kufundisha. Alifundisha karibu nusu saa, muda wa debrifingi, yaani kikao cha timu kulipitia zoezi, ukaisha, watu wakaenda kunywa chai.

Uamuzi ule ulikuwa mbaya. Hospitali siitaji, wala daktari simtaji, kwa kuwa nimeona jambo hilohilo likifanywa na wengine Migori na Homa Bay, na wanaolifanya ni mabingwa ambao mimi mwenyewe ningewapelekea mgonjwa wangu bila kusita.

Tuanze na ufundi wenyewe. Mwanasesere aliyetumika ana umbo la mtoto aliyetimiza miezi. Barakoa namba 1 inamkaa vizuri, kwa hiyo kifua kitapanda tu. Mtoto wa wiki 32 ana uso mdogo. Barakoa hiyo itapita kidevu, itagusa macho, hewa itavuja pembeni, na utabana huku mapafu hayapati kitu. Muuguzi alikuwa sahihi. Alilishika jambo gumu kuliko yote katika hadithi ya zoezi, akaanza kulitafutia dawa, na mbele ya wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, na wanagenzi akanyang'anywa kifaa kana kwamba amekosea. Wale vijana wameondoka wakiamini kwamba namba 1 inamfaa njiti. Wamefundishwa hivyo na daktari bingwa, tena kwa vitendo, na somo la vitendo halifutiki kwa urahisi.

Zilikuwa zimebaki sekunde 20 za Dakika ya Dhahabu, ile ya kwanza ambamo mtoto asiyepumua anapaswa kuanza kupewa hewa. Angemwachia. Kama namba 0 isingepatikana na dakika ikapita, aliyekuwa anakufa ni plastiki iliyojazwa maji. Tunafanya mazoezi ili kosa litokee pale ambapo halimgharimu mtu.

Na namba 0 isingepatikana. Hili lilijulikana baada ya chai, tulipokuwa tunakusanya vifaa. Barakoa ndogo zilikuwamo ndani ya leba, kwenye kabati la chuma lenye kufuli, bado zimo kwenye karatasi zake za nailoni. Ufunguo alikuwa nao msimamizi wa zamu ya asubuhi, naye alishaenda nyumbani. Alifunga kabati kwa sababu nzuri: vifaa hupotea, na vikipotea yeye ndiye huulizwa. Jambo kama hili hulipati kwenye slaidi. Zoezi hupelekwa ndani ya leba yenyewe, na watu wa zamu yenyewe, ili kufuli la namna hiyo lionekane kabla halijaua. Zoezi lilikuwa limefika mbele ya kabati. Sekunde ishirini zaidi muuguzi angevuta mlango, ungekataa, na katika debrifingi mtu angeuliza: funguo hukaa wapi usiku? Swali hilo halikuulizwa, na kabati lilikuwa bado limefungwa nilipoondoka.



Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yametokea katika ukanda uliokwisha kuionyesha dunia namna ya kuyafanya vizuri. Kati ya Oktoba 2016 na Mei 2018, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco waliendesha utafiti katika vituo 20 vya Kaunti ya Migori na eneo la Busoga nchini Uganda. Vituo vyote viliimarishiwa kumbukumbu na kupewa orodha ya kukagua uzazi salama. Nusu ya vituo viliongezewa mazoezi ya kuigiza ya PRONTO na vikao vya pamoja vya kuboresha huduma. Miongoni mwa njiti na watoto wenye uzito mdogo, waliozaliwa wafu muda mfupi tu baada ya kufa tumboni pamoja na waliokufa kabla ya siku 28 walikuwa asilimia 15.3 katika vituo vilivyopata mazoezi, na asilimia 23.3 kwingine. Matokeo yalichapishwa na Lancet Global Health mwaka 2020. Kumbukeni pia Migori ya wakati huo ilikuwaje: mgomo wa madaktari wa siku 100 kuanzia Desemba 2016, kisha mgomo wa wauguzi wa karibu miezi mitano mwaka 2017. Wale watu walifanya kazi katikati ya tufani hiyo.

Ndani ya PRONTO zoezi huachwa lifike mwisho, kisha timu hukaa na kuzungumza: nini kilitokea, kwa nini, kesho tutafanya nini. Mkufunzi huuliza. Anayesema zaidi ni aliyekuwa ameshika ambu. Ukiiondoa sehemu hiyo, unabaki na maigizo ya kupigia picha za ripoti.

Hata kabla ya hapo tulikuwa tunajua. ETAT+, mafunzo ya huduma ya dharura kwa watoto wagonjwa, ilipojaribiwa katika hospitali nane za wilaya nchini Kenya kuanzia 2006, nne zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu, mwezeshaji aliyekaa hospitalini na usimamizi wa kurudiwarudiwa. Nne nyingine zilipewa mihadhara ya siku moja na nusu. Zenye mwezeshaji zilienda mbele zaidi. Huko Kamagambo Kaskazini, tangu ndugu wawili Milton na Fred Ochieng' wafungue zahanati ya Lwala mwaka 2007, wahudumu wa afya wa kijiji, wakiwemo waliokuwa wakunga wa jadi, wamefundishwa wakiwa kazini na kusimamiwa nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewanyang'anya kazi mikononi ili kuwaonyesha kwamba yeye anajua zaidi.

Kinyume cha hayo ni warsha za hoteli; nimeshaandika mara nyingi kuzihusu, na nitaendelea. Daktari anatakiwa kukusanya pointi 50 za mafunzo endelevu ya kitaaluma (CPD) kwa mwaka ili ahuishe leseni. Pointi hizo huzipata kwa wepesi akiketi ukumbini Kisumu au Naivasha, posho mfukoni, akisikiliza slaidi. Anayekesha wodini Homa Bay akimwongoza mwanagenzi kufanya upasuaji wake wa kwanza wa kujifungua, na asubuhi akakaa naye kuupitia hatua kwa hatua, huenda asidai hata moja, maana nani atamwandikia cheti? Kwa mpangilio huu tumezalisha wakufunzi waliozoea kusema. Yule daktari bingwa alifanya ndani ya leba kile anachofanyiwa yeye hotelini kila mwaka. Udaktari alifundishwa kwa miaka mingi, na kufundisha hakufundishwa hata wiki moja. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kutomwuliza muuguzi, “Sister, unatafuta nini?” Maneno matatu yangeliokoa zoezi lote.

Hospitali ya Homa Bay sasa ni ya mafunzo na rufaa, Migori inapokea wanafunzi, na kaunti zote mbili zina KMTC. Walimu wa kliniki wataongezeka tu. Basi wapimwe kama wanavyopimwa wanafunzi wao. Kipimo kipo: DASH, kilichotengenezwa Boston, kinampa mwendesha debrifingi alama kati ya 1 na 7 katika vipengele sita, kikiwemo kama alijenga mazingira ambamo watu wanathubutu kusema. Kinahitaji karatasi, kalamu na mtu wa kukaa nyuma ya chumba. Ningependa mtu huyo awe muuguzi wa leba, alama zisomwe mbele ya kikundi kizima, na bingwa atakayepata chini ya 4 arudie kuendesha zoezi hilohilo wiki inayofuata, katika leba hiyohiyo, zamu ya usiku.